ONYO LA HATARI LISINGOJE RUHUSA YA MWENYE MLANGO

Tarehe 15 Aprili 2023, kituo cha taifa cha maonyo ya tsunami cha Marekani kiliwatangazia wananchi kwamba ukurasa wake wa Twitter hauwezi tena kutoa kila onyo. Haikuwa hitilafu ya mtambo wala hujuma ya adui. Wenye Twitter walikuwa wameweka kikomo cha ujumbe unaotumwa na kompyuta bila mkono wa mtu, na kikomo hakikutofautisha onyo la mawimbi na tangazo la sabuni.

Hatusemi kwamba kikomo ni kitu kibaya, la hasha. Mwezi Agosti 2023 kampuni ya Google ilishambuliwa kwa maombi yaliyofikia milioni 398 kwa sekunde moja. Mtambo usio na mlinzi mlangoni huzama. Mlinzi huyo huhesabu maombi ya kila mgeni kwa muda maalumu. Yakizidi, humjibu kwa nambari 429, yaani maombi yamepita kiasi, na pengine humtajia muda wa kungojea.

Anayekataliwa kisha akazidi kubisha huongeza msongamano. Utaratibu ulio sahihi ni kuutii muda uliotajwa. Usipotajwa, kompyuta ingoje sekunde 1, kisha 2, kisha 4, na ofisi mbalimbali zipishane, zisibishe kwa pamoja. Ujumbe upangwe foleni, wa dharura ukitangulia. Taarifa isiyobadilika ihifadhiwe, isiombwe mara mbili.

Hata hivyo, nidhamu hiyo peke yake haitoshi. Tarehe 2 Mei 2023 Twitter ilizikubalia idara za serikali kutuma maonyo bila malipo. Lakini aliyekubali ndiye awezaye kukataa. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo kikomo kikawafikia wasomaji: akaunti isiyothibitishwa ilipewa ujumbe 600 kwa siku, idadi iliyoongezwa baadaye siku hiyohiyo. Aliyemaliza fungu lake asingeliona onyo, hata kama lilitumwa kwa wakati.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisi tulio katika ulinzi na usalama hatuna budi kuitumia mitandao hiyo kama msaidizi, huku tukiyajua masharti yake kabla ya siku ya maafa. Redio ya upepo, redio ya taifa na mjumbe wa miguu visiachwe kupata kutu. Raia aliye hatarini hawezi kuambiwa angoje.