Shemeji, Moshi Haufichiki

Haya wapendwa, mwezi huu tunaacha kidogo mambo ya mahari na mawifi, tunaingia gereji. Msinune, mtaona ni mapenzi yaleyale.

Ujumbe umetoka kwa dada mmoja, mwalimu wa Shinyanga mjini. Mumewe anafanya kazi mgodini Geita, na kila Ijumaa anarudi nyumbani na Corolla 110 yao. Gari limezeeka, linakula oili, na likiwashwa asubuhi jirani anafunga madirisha. Sasa wamepata mteja, mwalimu mwenzake wa shule hiyohiyo. Mume kasema, "Usijali mke wangu, siku akija kuliangalia nitaweka dawa, moshi hatauona." Dada anauliza: hiyo dawa inaponya kweli, au ni mimi nitakayekaa naye ofisi moja gari likianza tena kufuka?

Dada yangu, hayo ni maswali mawili. La gari ndilo rahisi.

Oili nzuri inatoka kiwandani ikiwa tayari na viungo vyake, vya kusafisha masizi na vya kuzuia vyuma kusagana. Kile kichupa cha kuongezea, hasa hicho cha kukata moshi, kazi yake kubwa ni kuifanya oili iwe nzito. Oili nzito inapita kwa shida kwenye nafasi iliyoachwa na ringi zilizolika, haiungui sana, moshi unapungua. Lakini silinda iliyolika hairudishiwi chuma kwa kumiminiwa kitu. Mkibadilisha oili bila kuweka kichupa kingine, moshi huo! Na asubuhi injini ikiwa ya baridi, oili nzito inachelewa kufika juu kwenye valvu.

Hata wakubwa wamewahi kubanwa. Mwaka 1996 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki wenye Slick 50 kwa matangazo ya kupunguza ulikaji wa injini yasiyo na ushahidi wa kutosha. Wakamalizana 1997.

Nisiwe mchoyo, zipo zinazosaidia. Kuna za kulainisha sili za mpira zilizokauka, zinaweza kupunguza uvujaji mdogo. Kuna za kusafisha, ambazo pengine zitalegeza ringi zilizoganda kwa masizi. Ila kwenye injini kongwe iliyojaa tope la oili, uchafu ukibanduka kwa mkupuo unaweza kuziba chujio la pampu, oili isipande. Hapo mmeua injini kwa kuitibu.

Kwa hiyo, kabla ya kununua dawa, angalieni moshi unatoka wakati gani. Wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka gari linapowashwa kisha ukakata, mara nyingi ni sili za valvu, na hizo fundi mzuri anabadilisha bila kushusha injini. Ukiendelea mkiwa barabarani, hasa mkikanyaga mafuta, shaka inahamia kwenye ringi. Fundi apime kompresheni. Wewe umesema asubuhi, dada, basi usikate tamaa bado.

Halafu mfungue filta ya hewa. Vumbi la njia za migodini mnalijua, na likipenya kwenye injini linasaga ringi kama msasa. Watu wananunua vichupa kila mwezi huku filta imekuwa nyekundu tangu kiangazi kilichopita!

Sasa swali la pili. Shemeji, nakuheshimu, na najua gari la moshi linashushwa bei mpaka inauma. Lakini mteja huyu hukumwokota barabarani. Ni mtu anayekunywa chai na mkeo saa nne kila siku ya kazi. Wewe Jumatatu utakuwa Geita, atakayeulizwa ni yeye.

Mimi ningefanya hivi. Pimeni oili kwa kile kijiti Ijumaa hii, gari likiwa limepoa na liko sehemu tambarare, mpime tena Ijumaa ijayo, mjue limekula kiasi gani kwa safari ya kwenda na kurudi. Kama ni sili, badilisheni, muuze kwa bei yenu. Kama ni ringi, mwambieni mwalimu, mtoe gharama ya fundi kwenye bei, na siku ya kuja kuliangalia mlikute bado la baridi, aliwashe mwenyewe.

Dada, niandikie Ijumaa ya pili mmekuta nini.