Kuhamisha Deni si Kulilipa

Katika ofisi za Serikali na vyumba vya walimu, kuanzia Same mjini hadi Mbaga, Suji na Chome milimani, kuna usemi ambao siku hizi umepata heshima usiyoistahili. Usemi huo ni "kununuliwa deni". Mtumishi mwenye mkopo wa nyumba huambiwa kwamba mkopeshaji mwingine yu tayari kulilipa deni lake la zamani, kumpunguzia makato ya kila mwezi na, zaidi ya hayo, kumwongezea fedha za kumalizia ukuta. Mkopeshaji huyo hupokewa kama mkombozi. Hatuna budi kuuliza: je, ni nani hasa anayekombolewa?

Hatusemi kwamba kuhama ni kosa. Benki ya Nyumba Tanzania ilianza kazi mwaka 1973 na ikafikia mwisho wake mwaka 1995. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mfanyakazi wa kawaida hakuwa na mahali pa kukopea nyumba kwa muda mrefu. Njia ilianza kufunguka kwa sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya TMRC ili kuyapatia mabenki fedha za muda mrefu za mikopo hiyo. Wakati huo riba ilipita asilimia 20. Katika miaka ya karibuni imekuwa baina ya asilimia 15 na 19. Basi aliyekopa wakati wa riba kubwa ana kila sababu ya kutafuta nafuu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamruhusu kulipa deni lote na kufunguliwa rehani yake, na inatambua pia kwamba rehani yaweza kuhamishwa kutoka kwa mkopeshaji mmoja kwenda kwa mwingine. Anayebaki alipo kwa woga au kwa kuona haya anajinyima haki yake.

Lakini haki ni jambo moja na hesabu ni jambo jingine. Tuchukue mfano wa mwalimu ambaye bado anadaiwa shilingi milioni 30, kwa riba ya asilimia 18 inayokokotolewa juu ya salio, na amebakiwa na miaka 10. Kila mwezi hulipa kiasi cha shilingi 540,000. Anakuja mkopeshaji mpya na riba ya asilimia 15, na makato yanashuka hadi kiasi cha shilingi 420,000. Mwalimu anafurahi, na ni nani asiyefurahi? Ila hakuelezwa kwa sauti ile ile kwamba muda nao umenyoshwa hadi miaka 15. Deni la zamani lingemgharimu jumla ya shilingi milioni 65 hivi. Hili jipya, lenye riba ndogo, litamgharimu zaidi ya shilingi milioni 75. Nafuu ya shilingi 120,000 kwa mwezi imenunuliwa kwa zaidi ya shilingi milioni 10.

Mwalimu huyo huyo angehama kwa riba ile ile ya asilimia 15 lakini akashikilia miaka yake 10, angelipa kiasi cha shilingi 484,000 kwa mwezi na jumla ya shilingi milioni 58. Hapo angeokoa karibu milioni 7, kabla ya kutoa gharama za kuhama. Tofauti ya mtego na nafuu, basi, imo katika idadi ya miezi, ambayo wapiga debe wa mikopo huitaja mwisho, au hawaitaji kabisa.

Na gharama za kuhama zipo. Nyumba itathaminiwa upya. Rehani ya zamani itafutwa kwa msajili wa hati na mpya itasajiliwa. Kuna ada ya mkopo, bima na ujira wa wakili. Zile fedha za nyongeza nazo si zawadi. Ni deni jipya juu ya deni la zamani. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba kukopa harusi, kulipa matanga.

Lipo jambo baya zaidi. Wengi wetu tumejenga kidogo kidogo kwa mikopo ya mshahara, na nyumba zetu hazikuwekwa rehani popote. Mkopeshaji anayelinunua deni la mshahara na kudai hati ya nyumba amebadili kabisa asili ya deni hilo. Jana kilichokuwa hatarini kilikuwa makato ya mshahara, nayo kanuni ya utumishi hulinda theluthi moja. Leo kilicho hatarini ni paa linalowafunika watoto, na dalali hajui theluthi. Ndiyo maana sheria inataka ridhaa ya mke au mume kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Ridhaa hiyo isigeuzwe kuwa sahihi ya haraka mezani.

Wapare wana somo lao katika jambo hili. Mwaka 1945 maelfu yao walishuka milimani wakapiga kambi Same kuipinga kodi ya mbiru. Hawakukataa kodi kwa kuwa ni kodi. Walikataa kutozwa kwa makadirio ambayo hawakuyaona kuwa ya haki. Itakuwa aibu iwapo wajukuu wao, waliosoma na wanaosomesha hesabu, watatia sahihi makadirio wasiyoyauliza, katika mikataba ambayo mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Kwanza, mkopeshaji wa zamani atoe barua ya salio la deni bila kumzungusha mteja, kwani kuichelewesha ni kumfunga mtu mlangoni huku riba ikiendelea kumla. Pili, mkopeshaji mpya alazimishwe kutoa karatasi moja ya Kiswahili inayoweka madeni yote mawili sambamba: riba, miezi, gharama zote, na jumla itakayolipwa hadi siku ya mwisho. Kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zipo. Benki Kuu izisimamie hadi wilayani, na matawi ya vyama vya wafanyakazi yawafundishe wanachama kuisoma karatasi hiyo.

Mpaka hapo itakapopatikana, mtumishi aulize swali moja tu kabla ya kushika kalamu: "Hadi shilingi ya mwisho, nitakuwa nimelipa ngapi?" Asiyeweza kulijibu kwa maandishi hastahili kushika hati ya nyumba ya mtu.