Sampuli Iliyoachwa Dirishani

Hoja za wapinzani wetu mmekwisha kuzisikia: kuzikinga na mwanga sampuli za damu za wagonjwa wanaotumia dawa za saikosisi ni usumbufu usio na faida. Nawaomba mzipime moja moja. Nitatumia mfano wa klopromazini, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Largactil.

Wanasema damu ni nyekundu na nzito, mwanga haupenyi. Kwa damu nzima, sawa. Ila maabara huizungusha kwenye mashine, huondoa chembe nyekundu, huchukua plazima, kisha huihamishia dawa kwenye kimiminika kisicho na rangi. Kinga wanayoitegemea wameiondoa wenyewe kabla ya kupima chochote.

Wanasema friji inatosha. Baridi huzuia mmenyuko unaoendeshwa na joto. Huu wa kuiharibu klopromazini unaanzishwa na mwanga. Molekuli ikishanyonya mwanga wa urujuanimno, nguvu ya kuivunja imepatikana, iwe kwenye nyuzi 4 au 30. Friji iliyofungwa husaidia kwa sababu ndani yake ni giza, na giza ndilo tunalolidai.

Wanasema dawa ilishafaulu majaribio ya mwanga kiwandani. Majaribio hayo hupima dawa na kifungashio chake. Ampuli ina miligramu 25 kwa mililita. Plazima ya mgonjwa yaweza kuwa na nanogramu 100, yaani pungufu mara 250,000. Isitoshe, ampuli hiyohiyo huagizwa itunzwe mbali na mwanga. Wanaitii amri hiyo stoo ya dawa na kuipuuza maabara.

Hoja yao nzito ni hii: maabara huongeza kwenye sampuli kiasi kinachojulikana cha dawa ya kulinganishia, yenye deuteri, nayo hupotea kwa kiwango kilekile, hivyo hesabu hujisahihisha. Ni kweli, kuanzia inapoongezwa. Bomba lililokaa dirishani asubuhi nzima kabla ya hapo limepoteza dawa ambayo hakuna cha kuishuhudia.

Wakibanwa hapo, hujibu kwamba kinachopotea ni kidogo tu. Waamuzi, hapa ndipo napinga kwa nguvu zote, maana klopromazini haipotei bila kuacha kitu. Mwanga na oksijeni huigeuza kuwa sulfoksidi, na sulfoksidi hiyohiyo hutengenezwa na ini la mgonjwa. Pasipo oksijeni, mwanga huweza kuing'oa klorini yake ikabaki promazini, ambayo ni dawa nyingine kabisa. Mashine itazisoma zote kwa usahihi, lakini haiwezi kusema ipi imetoka mwilini na ipi imezaliwa mezani. Daktari atakayepokea karatasi hiyo ataona dawa kidogo na sulfoksidi nyingi, na ana haki ya kuamini kwamba ini linaimaliza dawa upesi. Ataongeza dozi. Mgonjwa aliyemeza vidonge vyake vyote kama alivyoagizwa ndiye atakayebeba usingizi mzito, shinikizo la damu kushuka na misuli kukakamaa, kwa sababu ya dawa iliyoharibikia kwenye bomba.