Shuka, Utembee

Wacha nianze na kosa langu, usije ukadhani nahubiri. Nilirudi kutoka Kedarnath nikiwa mgongoni mwa nyumbu. Nilikuwa na miaka 23, miguu miwili mizima, na viatu vya kupanda mlima nilivyonunua kwa mbwembwe nyingi. Sikuwa mgonjwa. Nilichoka tu.

Na nikisema nyumbu, sisemi wale wa Mara wanaovuka mto watalii wakipiga picha. Nasema mtoto wa punda na farasi, anayebeba watu, gesi, mchele na mizigo ya kila aina kwenye milima ya Uttarakhand, kaskazini mwa India.

Nilikuwa nasoma Dehradun. Rafiki yangu darasani akanialika niandamane na familia yao kwenda kuhiji. Mimi si Mhindu, lakini nani anakataa safari ya Himalaya? Gari linakufikisha karibu na Gaurikund. Kuanzia hapo ni kilomita kama 16 za kupanda hadi hekalu la Shiva, lililo zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Theluji hulifunga hekalu miezi kama sita kila mwaka, kwa hivyo riziki yote ya njia ile hutafutwa katika miezi iliyobaki.

Mama yake rafiki yangu, niliyemwita Anti kama walivyomwita wote, alikuwa na miaka sitini na kitu. Alipanda kwa miguu, fimbo mkononi, akinisimulia hadithi ya mahali penyewe. Baada ya vita vya Mahabharata, ndugu watano wa Pandava walimtafuta Shiva awasamehe kwa kuwaua jamaa zao. Shiva hakutaka kuonana nao. Akajigeuza fahali. Walipomkaribia akazama ardhini, ikabaki nundu. Jiwe linaloabudiwa ndani ya hekalu ndiyo nundu hiyo.

Ebu fikiria hapo kidogo. Mungu alijificha ndani ya mnyama. Watu wanapanda mlima mzima kwenda kuinamia mgongo wa mnyama. Halafu wanageuka, wanaukalia mgongo wa mnyama mwingine, na wanashuka huku anachapwa.

Nami nikiwa mmoja wao. Kushuka ni kubaya kuliko kupanda, na hili hakuna anayekuambia. Uzito wote unaangukia miguu ya mbele. Njia ni ya mawe na ngazi, imelowa mvua na samadi. Nyumbu wangu aliteleza akapiga magoti. Nilishika tandiko nikapiga kelele. Kijana aliyeshika kamba akamcharaza fimbo mpaka akasimama. Goti lilikuwa linavuja damu. Nikauliza, "Yuko sawa?" Kijana akajibu, "Sawa, madam." Jibu hilo likanitosha, kwa sababu nilitaka linitoshe. Sikushuka.

Tulipofika Gaurikund, kabla sijamaliza kuhesabu pesa, mteja mwingine alikuwa ashaweka mguu apande. Nyumbu akageuzwa. Hata maji sikumwona akipewa.

Najua utakachosema. Utasema yule kijana ni katili. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kutoka. Mwaka 2022 wanyama wengi walikufa kwenye njia ile, watu wakawatukana wachunga nyumbu. Mwaka 2023 video ikasambaa ya mnyama akilazimishwa kuvuta moshi, matusi yakarudi palepale. Lakini yule kijana aliniambia nyumbu si wake, na safari anayokosa ni pesa anayodaiwa na mwenyewe. Anachapa kwa sababu mimi niliye juu nataka kuwahi basi. Fimbo ilikuwa mkononi mwake, haraka ilikuwa yangu.

Utasema pia ni ajira. Kweli ni ajira, na sitaki ife. Ndiyo maana nasema mnyama aende safari moja kwa siku, apumzike, alishwe, na nauli ipande ili kijana asilazimike kurudi juu jioni. Na wazee je? Wagonjwa? Wapande, na Mungu awafikishe salama. Siwazungumzii hao. Nazungumza na sisi wenye miaka ishirini na kitu, tunaopanda kwa miguu ili tupige picha, kisha tunashuka mgongoni mwa mtu mwingine kwa sababu picha zimeisha.

Wengine wanangoja teknolojia iwaokoe. Machi 2025 serikali ya India iliidhinisha magari ya kamba ya angani ya karibu kilomita 13, yatakayogeuza safari ya saa nane au tisa kuwa dakika 36 hivi. Sawa. Lakini kamba ile inajengwa kwa miaka, na nyumbu anapanda kesho asubuhi.

Usicheke Wahindi hapo ulipo. Sisi ndio tuliotunga "punda afe, mzigo wa bwana ufike", na tunaitamka kama sifa. Tunaambiana hivyo kazini, tunachoka hivyo hivyo, kisha tunashangaa punda wa maji kule mtaani akianguka na mitungi yake.

Anti alifika Gaurikund giza likiingia, saa kadhaa baada yetu. Tulikuwa tumekaa kibandani tunakunywa chai, tunamngoja. Aliketi, akavua viatu, akaniuliza kama miguu yangu inauma. Haikuwa inauma. Nilikosa pa kuangalia.

Ukienda, na natumaini utaenda, kwa sababu mlima ule ni mzuri ajabu, kumbuka vibanda vya chai viko njiani. Ukichoka, kaa. Kunywa chai. Kama uko mgongoni na mnyama ameteleza, usimuulize kijana kama yuko sawa. Shuka, utembee.