Michezo ya Wii U ilidoda, lakini kosa halikuwa la mnunuzi

Ukisoma taarifa za kampuni zinazotoa michezo ya video, utakutana na sababu moja inayorudiwa kila mchezo unapododa kwenye mashine fulani: wateja wa mashine ile si wanunuzi wa bidhaa ya aina yetu. Ni maelezo mafupi, yanairidhisha bodi, na mwanahisa mdogo huyapokea kwa kuwa hana namna ya kwenda kuwauliza wateja wenyewe. Ukurasa huu unashikilia kwamba mara nyingi maelezo hayo si sahihi, na kwamba mwenye hisa anayeyaamini anaweza kuuza alichopaswa kushika na kushika alichopaswa kuuza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Wii U, mashine ya kampuni ya Nintendo ya Japani. Iliingia sokoni Novemba 2012 huko Marekani na Ulaya, na Desemba nchini Japani. Bei yake Marekani ilikuwa dola 300 kwa ile ya kawaida na dola 350 kwa ile yenye vikorokoro zaidi. Ilikuja kurithi kiti cha Wii, mashine iliyouzwa zaidi ya milioni 101 duniani kote. Utengenezaji wake uliposimamishwa mwanzoni mwa 2017, hesabu ilikuwa karibu milioni 13.5. Mrithi hakufikia hata robo ya mali ya marehemu.

Tuanze na makosa ya mwenye mashine, maana yapo na hayafichiki. Jina lenyewe lilikuwa tatizo. Watu wengi walidhani Wii U ni kifaa cha nyongeza kwa ile Wii waliyokuwa nayo sebuleni, na matangazo yaliyoonyesha zaidi kile kibao chenye kioo kuliko mashine yenyewe yaliongeza mkanganyiko. Rais wa Nintendo wa wakati huo, marehemu Satoru Iwata, alikiri hadharani kwamba kampuni imeshindwa kuwaeleza walaji tofauti ya mashine hizo mbili.

Makisio nayo yalikuwa yakiporomoka kila yalipotajwa. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2013, Nintendo ilikisia kuuza Wii U milioni 5.5, ikashusha hadi milioni 4, ikaishia milioni 3.45. Katika miezi mitatu iliyofuata, Aprili hadi Juni 2013, ziliuzwa mashine 160,000 tu dunia nzima. Hata hivyo kampuni iliendelea kushikilia makisio ya milioni 9 kwa mwaka ule. Januari 2014 ikayakata hadi milioni 2.8 kwa mkupuo mmoja, na Bwana Iwata akajipunguzia nusu ya mshahara kwa miezi 5. Mwaka ulifungwa kwa hasara ya uendeshaji ya yeni zaidi ya bilioni 46. Mwanahisa aliyekuwa ameweka fedha zake kwa kutegemea ile milioni 9 alikuwa na haki ya kukasirika.

Sasa twende kwa wale waliopeleka michezo yao kwenye mashine hiyo.

Hesabu ya kwanza anayopaswa kuifanya mfanyabiashara ni ndogo na haihitaji kompyuta. Mwishoni mwa Machi 2013 Wii U zilizouzwa zilikuwa milioni 3.45. Wakati huo Xbox 360 ya Microsoft na PlayStation 3 ya Sony zilikwisha kupita milioni 70 kila moja. Chukua, kwa mfano tu, mchezo unaonunuliwa na wenye mashine 2 katika kila 100. Kwenye Wii U utauza nakala 69,000. Kwenye mojawapo ya zile mbili nyingine utauza milioni 1.4. Wateja ni wa hamu ileile na uwiano ni uleule, lakini kwenye meza ya bodi mchezo wa kwanza utaitwa aibu na wa pili utaitwa ushindi. Ndipo meneja anapoandika kwamba wateja wa Nintendo hawanunui.

Lakini idadi ya mashine ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni bidhaa iliyopelekwa, na hapa ndipo kampuni nyingi zilijichimbia kaburi.

Mathalani Mass Effect 3 ya Electronic Arts. Huu ni mchezo wa hadithi ndefu yenye sehemu tatu, ambamo maamuzi ya mchezaji katika sehemu ya kwanza huandamana naye hadi mwisho. Sehemu ya tatu ilitoka Machi 2012 kwenye mashine nyingine. Novemba mwaka huohuo ikaletwa Wii U kwa dola 60, bila sehemu mbili za kwanza, ikiwa na simulizi ya picha tu ya kumpa mgeni muhtasari wa yaliyopita. Mwezi uleule, kampuni ileile ilianza kuuza sehemu zote tatu katika kasha moja kwa wenye mashine nyingine. Bei? Dola 60. Ni sawa na kumwuzia mama kanga kipande kimoja kwa bei ya doti, huku duka la pili mtaa uleule likiuza doti tatu kwa bei hiyohiyo. Akikataa, utasema hapendi kanga?

Kwenye mpira wa miguu mambo hayakuwa tofauti. FIFA 13 ya Wii U ililetwa bila Ultimate Team, sehemu ambayo vijana wengi hununulia mchezo huo na ambayo kampuni yenyewe huchumia fedha nyingi baada ya kuuza diski. Mwaka uliofuata FIFA 14 haikuletwa kabisa. Kwa jumla Electronic Arts ilitoa michezo 4 tu kwa Wii U, na baada ya Machi 2013 haikuleta mwingine. Mwenye kibanda cha gemu hapa kwetu, anayetoza vijana kwa mechi, hahitaji kuambiwa maana yake: mashine isiyo na mpira wa mwaka huu haimlipii hata bili ya umeme.

Orodha ni ndefu na sina nia ya kuimaliza. Batman: Arkham City iliuzwa kwa bei kamili ikiwa na umri wa mwaka mmoja. Arkham Origins ya 2013 ililetwa bila sehemu ya kucheza na wenzako kwa mtandao, wakati mashine nyingine zilikuwa nayo. Call of Duty: Black Ops II ilikuja mapema, jambo la kupongezwa, lakini ramani za nyongeza zilizouzwa mmoja baada ya mwingine kwenye mashine nyingine hazikuletwa.

Kisa kinachoniudhi zaidi ni cha Rayman Legends ya kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa. Mchezo huu ulitangazwa kuwa wa Wii U peke yake na tarehe yake ilikuwa mwisho wa Februari 2013, kipindi ambacho wenye mashine hiyo walikuwa na njaa ya kitu kipya. Wiki chache kabla ya siku yenyewe, Ubisoft ikatangaza kwamba utatoka Septemba, ili uende pamoja na matoleo ya Xbox 360 na PlayStation 3. Kwa upande wa vitabu vya hesabu mtu anaweza kuutetea uamuzi ule. Lakini fikiria mnunuzi aliyelipa dola 350 kwa sababu ya ahadi ile, akakaa zaidi ya miezi 6 anangoja kitu ambacho sasa jirani yake atakipata bila kununua mashine mpya. Mnunuzi huyo ndiye aliyekuja kulaumiwa kwamba hanunui.

Ni haki kusema pia upande wa pili. Ubisoft haikuwa na mkono wa birika tangu mwanzo. ZombiU ilitengenezwa mahsusi kwa ajili ya Wii U, ilikitumia kile kibao vizuri kuliko michezo mingi, na ilikuwepo siku ya kwanza. Haikuleta faida, mkuu wa kampuni, Yves Guillemot, alisema wazi mwaka 2013 kwamba haikukaribia hata kurudisha gharama. Assassin's Creed III nayo ililetwa ikiwa kamili, wiki tatu tu baada ya mashine nyingine. Haikuvuma. Hapa sababu ni rahisi: aliyekuwa anaitaka alikuwa na Xbox 360 au PlayStation 3 tayari, na hakuwa na haja ya kununua mashine nyingine ili acheze kitu kilekile. Kwa hiyo sisemi kwamba kila mchezo uliododa ulikuwa mbovu. Ninasema kwamba ni michache mno iliyopewa nafasi ya kweli, na bodi zikaichanganya yote katika kapu moja.

Wenye maduka nao walifanya hesabu zao. Julai 2013 Asda, miongoni mwa minyororo mikubwa ya maduka ya Uingereza, ilisema haina mpango wa kuendelea kuweka Wii U kwenye maduka yake. Rafu ikishapungua, mzazi anayeingia kununua zawadi ya Krismasi haioni mashine, asipoiona hainunui, isiponunuliwa, kampuni za michezo zinakimbia, zikikimbia, mwenye duka anazidi kuona kwamba alifanya vyema kuiondoa. Nintendo ilishusha bei kwa dola 50 Septemba mwaka ule. Ilikuwa kidogo na ilikuwa imechelewa.

Je, wenye Wii U walikuwa wagumu wa kutoa fedha? Tazama Mario Kart 8, iliyotoka Mei 2014. Iliuza nakala milioni 8.4 na ushei kwenye mashine milioni 13.5. Hiyo ni zaidi ya watu 6 katika kila 10. Wako wafanyabiashara wangapi wanaouza kitu kimoja kwa wateja 6 kati ya kila 10 wanaopita mlangoni?

Na kuna jambo ambalo wachache wanalijua. Ubisoft hiyohiyo iliendelea kuleta mchezo wake wa kucheza dansi, Just Dance, kwenye ile Wii ya zamani hadi Novemba 2019, miaka 13 tangu mashine hiyo itoke. Toleo hilo la mwisho, Just Dance 2020, halikuletwa Wii U. Kwa maneno mengine, babu alimzika mjukuu. Wateja wa Nintendo walikuwa wakinunua, ila walinunua kilichotengenezwa wakiwa wamefikiriwa wao.

Ushahidi wa mwisho ulikuja baada ya Nintendo kuleta Switch mwezi Machi 2017. Mario Kart 8 ilisafishwa kidogo, ikaongezewa vitu vichache, ikauzwa tena kwa jina la Mario Kart 8 Deluxe. Imepita nakala milioni 60. Super Mario 3D World, iliyouza chini ya milioni 6 kwenye Wii U, ilirudi 2021 pamoja na kipande kipya cha nyongeza na ikapita milioni 13. Sehemu kubwa ya bidhaa ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni mashine, ambazo safari hii zimepita milioni 150. Mwekezaji aliyeuza hisa za Nintendo mwaka 2014 kwa kuamini kwamba walaji wamechoka na michezo yake aliona dalili ya kweli akaisoma vibaya.

Ninaleta habari hizi za zamani kwa sababu hesabu ileile imeanza upya. Switch 2 iliingia sokoni Juni 2025 kwa dola 450 Marekani, na hadi mwisho wa Septemba mwaka huo ilikuwa imepita milioni 10. Kwa upande wa idadi, hali si ya Wii U hata kidogo. Lakini tazama walichokileta wengine siku ya kwanza: Cyberpunk 2077 ya mwaka 2020, Street Fighter 6 ya mwaka 2023, Yakuza 0 ya mwaka 2015. Baadhi ni kazi nzuri iliyoletwa kwa uangalifu, na anayetaka kucheza akiwa safarini ana sababu ya kununua. Lakini ni bidhaa ambazo wateja wengi walikwisha kuzinunua kwingine, na zikiuza kidogo nina hakika tutasikia tena kwamba wenye mashine hii wanapenda Mario tu.

Nintendo hutangaza kila robo mwaka jumla ya mashine zilizouzwa, na hutaja michezo iliyopita nakala milioni moja. Kwa wengine si rahisi hivyo. Si kila kampuni inatenganisha mauzo ya mchezo mmoja mmoja kwa kila mashine. Kwa hiyo mwenye hisa za kampuni inayotoa michezo, akiona kwenye taarifa kwamba mchezo haukufanya vizuri kwenye Switch 2, aulize mambo manne kabla ya kumpigia dalali wake: uliwekwa dukani tarehe gani ukilinganisha na mashine nyingine, kwa bei gani, ukiwa umepunguzwa nini, na siku ile mashine zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa ngapi.