Uso Uliojaa Mchanga



Leo nasema na ninyi ambao mngali mnatumia kamera za filamu na kuzisafisha wenyewe nyumbani.

Zamani mzee jirani yangu aliniletea filamu yenye picha ya marehemu mkewe. Aliomba niisafishe, kisha nimkuzie picha ya kutundika ukutani. Nilifanya kazi mchana wa jua kali, dawa ikiwa vuguvugu, tena nikaiacha filamu humo kupita muda wake, nikidhani kuzidisha ni kutengeneza vizuri. Kumbe! Picha ilipokuzwa, uso wa mama yule ulikuwa kama umenyunyiziwa mchanga. Nayo ilikuwa picha yake ya pekee. Mzee alishukuru kwa upole, lakini mimi sikuweza kumtazama usoni.

Mchanga ule ni chembe za fedha. Filamu ya nyeusi na nyeupe imepakwa jelatini yenye vipande vidogo mno vya chumvi ya fedha. Dawa hugeuza vile vilivyopata mwanga kuwa fedha nyeusi, na fedha hiyo ndiyo picha yenyewe. Basi hatuwezi kuziondoa chembe zote, ila twaweza kuzizuia zisionekane mno.

Kwanza, chagua filamu. HP5 Plus ya 400 ina chembe kubwa kuliko FP4 Plus ya 125. Penye jua, ya 125 yatosha.

Pili, usiipe filamu mwanga wa kuzidi. Negativu nyeusi mno huonyesha chembe zaidi.

Tatu, angalia dawa. D-76, inayojulikana tangu 1927, ingali nzuri. Lita moja ina gramu 100 za salfaiti ya sodiamu, nayo hula kidogo kingo za chembe. Ukiizimua kwa maji nusu kwa nusu, chembe huonekana zaidi kidogo.

Nne, pima joto. Kipimo cha kawaida ni nyuzi 20. Maji yako yakiwa ya moto, yalaze usiku katika mtungi, ukafanye kazi alfajiri. Yakikataa kushuka chini ya nyuzi 23, punguza muda: dakika 8 ziwe 6. Dawa ya kukazia na maji ya kuoshea yawe na joto lile lile, maana joto likibadilika ghafula jelatini hukunjamana.

Tano, usikuze kupita kiasi. Picha ya milimita 24 kwa 36, ukitaka urefu wake uwe sentimita 24, yakuzwa karibu mara 7. Chembe nazo hukua vivyo hivyo.

Ndugu msomaji, filamu husafishwa mara moja tu. Ukiletewa picha ya marehemu wa mtu, jaribu kwanza dawa yako kwa filamu nyingine isiyo na thamani. Na ununue kipimajoto. Bei yake ni ndogo kuliko aibu niliyoipata mimi.