Vidonge vya Kuzuia Hedhi na Safari ya Hija

Dada zetu wengi waazimiapo kwenda Hija huingiwa na hofu ya kushikwa na hedhi kabla ya kutufu. Kwa hofu hiyo wako wamezao vidonge vya kuzuia mimba mfululizo, ili damu isitoke. Jambo hili hatulishutumu. Ila yapasa lifanywe kwa elimu, kwani kidonge alichopewa mtu na jirani yake chaweza kumletea madhara asiyoyatazamia.

Vingi katika vidonge hivyo vina homoni ya estrojeni, nayo huifanya damu iwe nyepesi kuganda ndani ya mishipa. Mwaka 1961 tabibu mmoja wa Uingereza aliandika habari za muuguzi aliyevitumia akapatwa na bonge la damu mapafuni. Tangu hapo estrojeni imepunguzwa sana, lakini hatari haikwisha. Katika wanawake 10,000 wasiotumia vidonge wala wasio na mimba, yapata 2 hupatwa na maradhi haya kwa mwaka; katika watumiao, ni baina ya 5 na 12. Idadi ni ndogo, lakini bonge likifika mapafuni laweza kuua. Tena hatari huzidi katika miezi ya mwanzo ya kuvitumia, na kukaa kitako ndegeni zaidi ya saa nne huiongeza.

Basi, ewe dada, mwendee daktari mapema. Usimfiche ikiwa wewe, mzazi wako au ndugu yako amepata kugandwa na damu. Ikiwa wavuta sigara, umepita miaka 35, una shinikizo la damu, au umejifungua karibuni. Huenda akakupa dawa nyingine, au akakukataza kabisa. Ndegeni, inuka utembee. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikiuma na pumzi kukatika, kimbilia hospitali, hata ukiwa Makka, useme kwamba umemeza vidonge.

Naye aliyekatazwa asihuzunike. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alipatwa na hedhi katika safari ya Hija, akalia. Mtume (s.a.w.) akamwamuru afanye yote afanyayo Haji, ila asitufu mpaka atwaharike. Basi enyi waume mnaopanga safari, wawekeeni wake zenu siku za kutosha kungojea tohara yao, wasilazimike kuihatarisha roho kwa ajili ya tarehe ya ndege.